Seva ni 16, pg_dump ni 13: anzia kwenye folda ya bakapu

Swali la msomaji: «Habari za kazi, mtaalamu. Wiki tatu zilizopita tulihamisha hifadhidata yetu kutoka PostgreSQL 13 kwenda PostgreSQL 16 kwenye mashine mpya, na seva inaenda vizuri. Jana nilikaa kwenye mashine yetu ya kazi nikajaribu kuchukua bakapu kwa mkono kwa pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala ya hifadhidata, nikapata maneno haya:

```
pg_dump: error: server version: 16.2; pg_dump version: 13.14
pg_dump: error: aborting because of server version mismatch
```

Nimesakinisha zana za 16 kwenye mashine hiyohiyo, lakini nikiiuliza pg_dump toleo lake bado inajibu 13.14. Isitoshe, juzi tulibadilisha manenosiri yote ya hifadhidata, na tangu hapo programu yetu ya ripoti, iliyoandikwa kwa Java, inakataa kuingia. Inasema "The authentication type 10 is not supported". Je, hili ni tatizo moja au mawili? Mwenzangu anashauri turudishe seva kwenye 13 hadi tujipange. Nashukuru kwamba angalau skripti ya bakapu ya usiku haijawahi kulalamika.»

Ndugu yangu, sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonishtua kuliko zote. Kabla hatujagusa lolote kati ya uliyouliza, fungua folda ambamo skripti ya usiku huweka bakapu zake, uangalie ukubwa wa mafaili ya wiki hizi tatu. Majina na tarehe vitakuwa sawa kabisa. Tazama ukubwa.

Kama skripti hiyo inaendeshwa kwenye mashine ileile ya kazi, na kama imeandikwa kama skripti nyingi zilivyo, yaani hivi (hapa «mauzo» ni jina la mfano la hifadhidata):

```
pg_dump -h seva-mpya mauzo | gzip > /bakapu/mauzo-$(date +%F).sql.gz
```

basi kuna uwezekano mkubwa utakuta mafaili ya baiti 20 kila moja. Baiti 20 ndiyo saizi ya faili la gzip, zana ya kubana mafaili, lisilo na kitu ndani: 10 za kichwa, 2 za maudhui matupu, 8 za mkia. Kinachotokea ni kwamba pg_dump inagoma mara tu inapoona seva ni mpya kuliko yenyewe, haitoi hata herufi moja, kisha gzip inapokea utupu, inaubana vizuri na kumaliza kazi kwa amani. Bash hupima mafanikio ya mnyororo wa amri kwa amri ya mwisho, na amri ya mwisho imefaulu. Kwa hiyo skripti inaripoti mafanikio, faili linazaliwa kila usiku likiwa na tarehe sahihi, na onyo la pg_dump linapotelea kwenye barua za mfumo ambazo hakuna anayezisoma. Nimeshawahi kukaa na watu waliogundua jambo hili siku diski ilipokufa. Sitaki uwe mmoja wao, ndiyo maana naliweka mbele ya yote.

Kwa hiyo chukua bakapu sasa hivi, kabla ya kuendelea kusoma. Ingia kwenye mashine mpya yenyewe, kwa sababu pale zana za 16 zipo tayari karibu na seva, halafu uandike:

```
/usr/lib/postgresql/16/bin/pg_dump -Fc -f mauzo.dump mauzo
/usr/lib/postgresql/16/bin/pg_dumpall --globals-only > watumiaji.sql
```

Njia hiyo ni ya Debian na Ubuntu. Kwenye mifumo ya ukoo wa Red Hat, ukisakinisha kutoka hazina rasmi ya PostgreSQL, zana huwa kwenye `/usr/pgsql-16/bin`. Amri ya pili usiiruke: pg_dump hubeba hifadhidata moja tu, haibebi watumiaji wala manenosiri yao, na wengi hulijua hilo siku ya kurejesha. Kisha lisomee faili ulilopata vichwa vyake:

```
pg_restore --list mauzo.dump | head -15
```

Humo utaona mstari wa "Dumped from database version: 16.2" na chini yake "Dumped by pg_dump version: 16.2". Ule wa kwanza ni toleo la seva iliyotoa data, wa pili ni toleo la zana iliyoibeba. Mistari hiyo miwili ni cheti cha kuzaliwa cha bakapu. Zoea kuisoma.

Sasa turudi kwenye swali lako. Ulichonacho ni matatizo mawili ya familia moja. Tunapenda kusema "tunatumia PostgreSQL 16" kana kwamba ni kitu kimoja chenye namba moja, lakini ndani ya sentensi hiyo mna vitu vingi, na kila kimoja kina toleo lake. Kuna seva, na kuna zana za amri kama pg_dump na psql. Kuna draiva ambayo programu ya Java, ya Python au ya PHP hupitia ili kuzungumza na seva. Kuna muundo wa mafaili kwenye diski, na muundo wa faili la bakapu. Kuna hata maktaba za mfumo endeshi zilizo chini ya yote. Ulipohama, kilichopanda hadi 16 ni seva na diski yake. Vingine vilibaki palepale vilipokuwa. Kila ukikutana na ujumbe wa matoleo kutopatana, swali la kwanza ni hili: ni vitu gani viwili vinavyozungumza hapa, na kila kimoja ni toleo gani? Ukijibu hilo kwa kuviuliza vyenyewe, bila kukisia, kazi iliyobaki huwa nyepesi.

Kwa nini pg_dump igome, badala ya kujaribu tu? Watu wengi hudhani ni ukaidi. Sivyo. Ili kuandika upya majedwali yako, pg_dump husoma katalogi za ndani za seva, yale majedwali ya mfumo kama pg_class na pg_attribute ambamo seva huweka maelezo ya kila jedwali, safu, indeksi na sharti. Katalogi hizo hubadilika kila toleo kuu linapotoka. Toleo la 12, kwa mfano, liliondoa safu ya relhasoids kwenye pg_class na safu ya adsrc kwenye pg_attrdef, na zana nyingi za zamani zilianza kulia "column c.relhasoids does not exist" mara tu zilipounganishwa na seva mpya. Aliyeandika pg_dump 16 anazijua katalogi za matoleo yaliyotangulia, na ameandika namna ya kusoma kila moja. Ndiyo maana pg_dump 16 inaweza kuchukua bakapu ya seva ya zamani hadi 9.2. Lakini aliyeandika pg_dump 13 hakuweza kujua kitakachobadilika miaka mitatu baadaye. Zana ikiendelea kwa kubahatisha, inaweza kuacha kitu kimya kimya, na bakapu iliyopungukiwa ni mbaya kuliko ujumbe wa kosa. Zamani zana hii ilikuwa na kibendera, yaani chaguo la kuongeza kwenye amri, cha kuilazimisha iendelee. Watengenezaji walikivua nguvu, na kwa maoni yangu walifanya vyema.

Shika basi mwelekeo wake: zana mpya husoma seva ya zamani, lakini zana ya zamani haisomi seva mpya. Hapo tunazungumzia namba kuu. Tangu PostgreSQL 10, iliyotoka 2017, namba ya kwanza peke yake ndiyo toleo kuu, hivyo 16.2 na 16.8 ni ndugu wa toleo moja. Kabla ya hapo namba kuu ilikuwa na sehemu mbili, maana yake 9.5 na 9.6 yalikuwa matoleo makuu mawili tofauti, jambo ambalo huwachanganya wanaokutana na mifumo ya zamani.

Umesakinisha 16 na bado unapewa 13. Hapa kuna sababu tatu ninazokutana nazo, na nataka uziangalie kwa mpangilio huu. Andika:

```
type -a pg_dump
```

Bash itakuorodheshea kila pg_dump inayoiona, kwa mfuatano wa kuitafuta. Ukiona `/usr/local/bin/pg_dump` juu ya `/usr/bin/pg_dump`, basi mtu aliwahi kusakinisha toleo la zamani kwa mkono, na hilo ndilo linalotangulia. Pia Bash hukumbuka mahali ilipoikuta amri mara ya mwisho; ukisakinisha zana mpya huku dirisha lilelile la amri likiwa wazi, inaweza kuendelea kwenda kule kwa zamani. `hash -r` huifuta kumbukumbu hiyo.

Sababu ya pili ni ya Debian na Ubuntu, na huwapotezea watu saa nyingi. Kwenye mifumo hiyo `/usr/bin/pg_dump` si pg_dump yenyewe. Ni kiungo kinachoelekea kwenye skripti iitwayo pg_wrapper, ambayo huchagua toleo kwa kuangalia klasta (yaani seva ya PostgreSQL pamoja na folda yake ya data) zilizosanidiwa kwenye mashine hiyo. Kama mashine yako ya kazi bado ina klasta ya zamani ya 13, hata kama hakuna anayeitumia, unaweza kupewa zana za 13 ilhali za 16 zimo ndani zimekaa. Andika `pg_lsclusters` uone. Dawa ni kuita zana kwa njia yake kamili, `/usr/lib/postgresql/16/bin/pg_dump`, hasa ndani ya skripti.

Ya tatu inahusu skripti ya usiku. Cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, haisomi mipangilio ya akaunti yako. Huanza na PATH (orodha ya folda za kutafutia amri) fupi sana, kwa kawaida `/usr/bin:/bin`. Kwa hiyo unaweza kurekebisha kila kitu kwenye dirisha lako, ukaona 16.2 kwa macho yako, na usiku cron ikaendelea kuita 13 ileile. Usipime kwa dirisha lako. Weka `pg_dump --version` ndani ya skripti, iandike kwenye logi, usome asubuhi. Na kama mtu anatumia pgAdmin, programu ya madirisha ya kusimamia PostgreSQL, ajue kwamba nayo huita pg_dump iliyoko kwenye mashine yake, na kwenye mapendeleo yake kuna mahali pa kuielekeza kwenye folda sahihi ya zana.

Ukiwa hapo hapo, itengeneze skripti isiweze kudanganya tena. Iondoe gzip, kwa sababu muundo wa `-Fc` hujibana wenyewe. Bila mnyororo, jibu la pg_dump linafika moja kwa moja. Kama ni lazima ubaki na mnyororo, weka `set -o pipefail` mwanzoni, ili kosa la amri yoyote lihesabike. Mimi huongeza pia kwamba faili liandikwe kwanza kwa jina la muda, na lipewe jina lake halisi baada ya pg_dump kufaulu tu. Hapo kukosekana kwa faili la leo kunaonekana hata kwa mtu anayepitia folda kwa haraka.

Sasa ripoti. Ujumbe "authentication type 10 is not supported" hauhusiani na pg_dump hata kidogo, na wala nenosiri lako halijakosewa, kwa hiyo acheni kulibadilisha tena na tena. Namba 10 ni namna ya uthibitisho ambayo seva inaidai: SCRAM. PostgreSQL iliianzisha kwenye toleo la 10, na kuanzia toleo la 14 kila nenosiri jipya huhifadhiwa hivyo, usipoagiza vingine. Kabla ya hapo desturi ilikuwa md5.

Ona jinsi hadithi yako inavyokaa. Mlipohama kutoka 13, manenosiri yalikuja jinsi yalivyokuwa, katika umbo la md5. Faili lenu la pg_hba.conf, linaloamua nani aingie na kwa uthibitisho gani, bila shaka lina neno `md5` kwenye mstari wa programu ya ripoti, na seva ikiona neno hilo na nenosiri lililohifadhiwa kwa md5, inatumia md5. Ripoti zikaendelea. Juzi mkabadilisha manenosiri. Seva ya 16 ikayahifadhi kwa SCRAM, na tangu hapo, hata kama pg_hba.conf inasema `md5`, seva inadai SCRAM kwa mtumiaji huyo. Draiva ya Java ya zamani haijawahi kuisikia lugha hiyo, ikakwambia tu kwamba haiwezi. Kwa hiyo kutopatana kwa matoleo kulikuwapo tangu siku ya kuhama; kulisubiri tu mtu aguse nenosiri. Waweza kuthibitisha kwa kuingia kama msimamizi mkuu:

```
SELECT rolname, left(rolpassword, 5) FROM pg_authid;
```

Watakaoonyesha `SCRAM` wamehama. Watakaoanza na `md5` bado.

Dawa ya kweli ni draiva. Ile ya Java ilianza kuielewa SCRAM kwenye toleo 42.2.0 la 2018; tafuta faili la jar la PostgreSQL ndani ya folda ya programu ya ripoti, jina lake huwa na namba ya toleo, uweke la karibuni linaloafikiana na Java yenu. Angalia usije ukaacha yote mawili humo, kwani Java inaweza kuendelea kupakia la zamani. Kwa programu zinazopitia libpq, maktaba ya PostgreSQL ya kuziunganisha na seva, zikiwamo nyingi za Python na PHP, kinachotakiwa ni libpq ya 10 au zaidi, na ujumbe wake huwa wazi zaidi: "SCRAM authentication requires libpq version 10 or above".

Kuna watakaokwambia urudishe `password_encryption = md5` kwa seva nzima. Sikubaliani. Ukizidiwa kabisa, na ripoti zinahitajika leo, fanya kwa mtumiaji mmoja wa ripoti pekee: kwenye psql andika `SET password_encryption = 'md5';` kisha `\password ripoti`, na uweke tarehe ya kuondoa mpango huo. md5 iko njiani kuondoka. PostgreSQL 18 ya 2025 tayari inatoa onyo unapoweka nenosiri la namna hiyo.

Nije kwa ushauri wa mwenzako. Namheshimu kwa kutaka utulivu, lakini kurudi kwenye 13 hakupo kwa namna anavyofikiri. Folda ya data iliyoundwa na 16 haifunguliwi na 13. Ukijaribu, seva inakataa kuwaka:

```
FATAL:  database files are incompatible with server
DETAIL:  The data directory was initialized by PostgreSQL version 16, which is not compatible with this version 13.14.
```

Ujumbe huo, ndugu yangu, haumaanishi kwamba data imeharibika. Unamaanisha kwamba seva isiyo yake imejaribu kuifungua, na imekuwa na adabu ya kutogusa. Ndani ya kila folda ya data kuna kafaili kadogo kaitwako PG_VERSION. Ukikasoma kwa `cat` kanakupa namba ya mwenye nyumba. Nalisisitiza hili kwa sababu wanaotumia Docker hulikuta kwa upande wa pili: wameandika `postgres:latest`, siku moja kontena linavuta toleo kuu jipya, linakuta data ya zamani, linagoma. Halafu mtu anapata ushauri wa haraka kwamba "futa hifadhi ya data, itawaka". Ni kweli itawaka, ikiwa tupu. Usifute chochote mbele ya ujumbe huo. Andika namba ileile iliyomo kwenye PG_VERSION, kwa mfano `postgres:13`, na data yako itafunguka kama jana.

Njia ya kawaida ya kurudi 13 ni kutoa data yote kwa pg_dump na kuimwaga kwenye seva ya 13, na hapo mwelekeo unakugeukia. Faili la `-Fc` la pg_dump 16 likipewa pg_restore 13 linajibiwa "unsupported version (1.15) in file header", kwa sababu muundo wa faili lenyewe ulipanda. Ukitoa kwa maandishi ya SQL unaweza kupita, lakini kila kitu kipya kitakwama kwa zamu yake. Toleo la 17 nalo lina mfano wake: bakapu zake huanza kwa kuweka `transaction_timeout`, na seva ya 16 ikisoma mstari huo inasema haitambui kigezo hicho. Na zaidi ya hayo, 13 ilipata masasisho yake ya mwisho Novemba 2025. Mngerudi kwenye nyumba ambayo fundi wake ameshaondoka. Kaeni 16.

Ila msikae 16.2. Hilo ni toleo la Februari 2024, na masasisho madogo ndani ya 16 hayabadilishi muundo wa diski: unaweka programu mpya, unaiwasha upya seva, basi. Nayo yana mambo yake. Agosti 2025 yalitoka masasisho ya usalama, kwa upande wako 16.10, na tangu hapo pg_dump huandika amri ya `\restrict` mwanzoni mwa bakapu za maandishi. psql ya 16.2 haiijui, itakwambia "invalid command \restrict". Kwa hiyo ukisasisha, sasisha seva na mashine ya kazi pamoja.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, na nisingelala vizuri bila kulitaja, kwa sababu halitoi ujumbe wa kosa wa kueleweka. Mlihamia mashine mpya. Je, mlihamisha kwa pg_dump, au mtu alibeba folda ya data nzima na kuipandisha kwa pg_upgrade? Kama ni pg_dump, ruka aya mbili zinazofuata, maana indeksi zote zilijengwa upya. Kama ni folda, angalia mfumo endeshi wa zamani na wa sasa.

PostgreSQL kwa kawaida huiachia maktaba ya mfumo, glibc, iamue neno lipi linatangulia lipi. Mwaka 2018 glibc 2.28 ilibadilisha mpangilio huo. Jaribu hili kwenye mashine zote mbili:

```
( echo "1-1"; echo "11" ) | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort
```

Kwenye mfumo wa zamani, 11 inakuja kwanza. Kwenye mpya, 1-1 inakuja kwanza. Sasa fikiria indeksi iliyopangwa kwa utaratibu wa kwanza, inasomwa na seva inayofuata utaratibu wa pili. Ni kama kamusi iliyopangwa kwa alfabeti moja na kusomwa na mtu mwenye alfabeti nyingine: unamtafuta mteja kwa namba yake, seva inasema hayupo, na unamwona kwa macho ukipitia jedwali zima. Sharti la upekee nalo linaweza kuruhusu rekodi mbili zinazofanana. Namba za PostgreSQL zinalingana pande zote, lakini matoleo hayapatani. Tangu toleo la 15 seva hujitahidi kukuonya kwa ujumbe wa "collation version mismatch" unapounganisha; ukiuona, usiunyamazishe kwa `ALTER DATABASE mauzo REFRESH COLLATION VERSION` kabla ya kujenga indeksi upya kwa `REINDEX DATABASE`. Amri ile ya kwanza haitengenezi kitu, inaandika tu kwamba umeshatengeneza.

Kama mna mifumo mingine pia inayokuja mezani kwako, nikupe sura zake kwa kifupi, kwani mwelekeo ni uleule. Bakapu ya MySQL 8.0 ikimwagwa kwenye 5.7 hugoma kwa "Unknown collation: 'utf8mb4_0900_ai_ci'", na mysqldump ya 8.0 ikielekezwa kwenye seva ya 5.7 hulalamikia jedwali la COLUMN_STATISTICS; hiyo ya pili hutatuliwa na `--column-statistics=0`. Draiva za zamani za MySQL nazo zilikwama kwa caching_sha2_password kama yenu ilivyokwama kwa SCRAM. SQL Server haina huruma kabisa: bakapu ya 2019 hairejeshwi kwenye 2017, na ukijaribu kulifungua faili la data la 2019 kwenye seva ya 2017 utaambiwa hifadhidata ni toleo 904 na seva yako inafika 869, namba za ndani ambazo huwatisha wasiozijua. SQLite, ambayo muundo wake wa faili umedumu tangu 2004, hukudanganya kwa ujumbe: jedwali la STRICT, lililoanza na 3.37 ya 2021, likifunguliwa na SQLite ya zamani unasoma "malformed database schema", ukadhani faili limeoza. Halijaoza. Kuna tofauti tu kati ya SQLite ya amri na ile iliyofungwa ndani ya Python, ambayo unaiuliza kwa `sqlite3.sqlite_version`.

Kwa upande wako leo, mfuatano wangu ungekuwa hivi: bakapu ya mkono iliyotajwa juu, kisha njia kamili kwenye skripti ya usiku, kisha draiva ya Java, na kupandisha 16.2 hadi ya karibuni wiki hii saa ambazo hakuna anayefanya kazi. Halafu tengeneza hifadhidata tupu iitwayo jaribio, uirejeshee ile bakapu:

```
createdb jaribio
pg_restore --exit-on-error -d jaribio mauzo.dump
```

uhesabu rekodi za majedwali yako mawili matatu makubwa, ulinganishe na zile za mauzo. Ikiwa kitu kimekwama, niandikie tena, na unitumie majibu ya vitu vitatu kama yalivyo: `SHOW server_version;` kutoka ndani ya seva, `type -a pg_dump` pamoja na `pg_dump --version` kutoka mashine iliyogoma, na jina kamili la faili la jar lililomo kwenye folda ya ripoti.